Mpuliziaji dawa anajua kanuni, jua na ujira vinamshinda

WAKULIMA wa nyanya wa Ilula mkoani Iringa, kama wenzao wa vitunguu kule Mang'ola wilayani Karatu, hupulizia dawa mara kwa mara katika msimu. Kazi hiyo mara nyingi hupewa kibarua anayelipwa kwa idadi ya mabomba. Akiulizwa kuhusu glavu na ovaroli, ataeleza vizuri tu yaliyoandikwa kwenye lebo. Kisha hukunja suruali na kuingia shambani na fulana.

Huo si ujinga. Ovaroli ya plastiki mchana wa jua kali humchemsha mtu, na kila anapopumzika anapoteza ujira. Isitoshe, mara nyingi sumu haimwangushi siku hiyo hiyo. Kichwa kikimuuma jioni husingizia jua, kisha hunywa maziwa akiamini yanaikata sumu. Maziwa hayaitoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu.

Wengi hufunga kitambaa puani na kuacha mikono wazi, ilhali dawa nyingi, hasa za jamii ya organofosfati, hupenya kwenye ngozi. Hatari huzidi wakati wa kuchanganya, kwa kuwa dawa bado haijazimuliwa. Asiyemudu vyote aanze na glavu za mpira na mabuti, suruali ikae nje ya mabuti ili dawa isichuruzike ndani. Apulizie asubuhi mapema, upepo ukitokea mgongoni.

Lawama zisimwangukie kibarua peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mwenye ekari mbili hajihesabu kuwa mwajiri, lakini ndiye anayelipa ujira.

Mwenye duka la pembejeo naye anahusika. Mwongozo wa kimataifa wa FAO na WHO unashauri kuepuka dawa zinazodai mavazi ya kinga yanayokera, ya ghali au yasiyopatikana kirahisi, hasa kwa wakulima wadogo wa nchi za joto. Mstari wa rangi kwenye lebo husaidia kuchagua: nyekundu ndiyo kali zaidi, ikifuatiwa na njano, buluu na kijani. Ikiwapo ya kijani inayomuua mdudu yule yule, hiyo ndiyo ya kumpa mteja. Muuzaji anayepima dawa kwenye chupa ya soda humnyima mkulima hata nafasi hiyo, kwani chupa haina lebo wala rangi, na nyumbani kuna watoto.