Filamu yako itafika Amsterdam?

Msomaji, ukiitaja Thika kwa mzee wa Uingereza, huenda akakumbuka runinga kabla ya mananasi. Mnamo 1981 huko kulionyeshwa 'The Flame Trees of Thika', mchezo wa sehemu saba uliotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959. Ulisimulia maisha ya walowezi. Wenyeji walikuwa wa pembeni.

Siku hizi wenyeji pia husimulia. Mwaka wa 2019, tamasha la filamu za hali halisi la IDFA, mjini Amsterdam, liliichagua 'The Letter' ya Maia Lekow na mumewe, Christopher King. Waliipiga kijijini huko Pwani: nyanya anaitwa mchawi, naye mjukuu wake, Karisa, anatoka mjini kwenda kuuliza ni nani anayemsingizia na kwa nini. Baadaye Kenya iliiteua kuwania Oscar. Nyanya, shamba, ugomvi wa jamaa. Je, hayo hayapatikani Ruiru?

Basi wewe mwanafunzi unayepiga picha kwa simu, sikiliza. Wateuzi hupokea filamu nyingi kuliko nafasi walizo nazo, na aghalabu hupendelea ile ambayo haijaonyeshwa kwingine. Ukiiweka YouTube ili marafiki wakusifu, huenda umejifungia mlango wa mashindano. Soma masharti kwanza, utazame ada na siku ya mwisho. Mazungumzo nayo yataka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, kazi inayochosha kweli kweli. Usiiache hadi usiku wa mwisho.