Simu ni Ndogo, Mtambo Ndio Mzigo
Kituo cha simu cha New Haven, Marekani, kilianza Januari 1878 kikiwa na wateja 21. Kama kila mteja angevutiwa waya wake hadi kwa kila mwenzake, zingehitajika njia 210. Si haba, lakini zingejengeka. Wateja wakifika 10,000, hesabu inaruka hadi njia 49,995,000, na hakuna mji wenye nguzo za kuzibeba. Ndiyo maana laini zote hupelekwa mahali pamoja zikaunganishwe huko, na huko ndiko fedha nyingi zilikozama.

Kwenye Connections Museum mjini Seattle mzigo huo unaonekana kwa macho. Simu za mezani zipo tele, ila hazina kwa maoni yangu ni mtambo wa Panel uliofungwa mjini humo mwaka 1923, ambao hadi leo unaunganisha simu. Kila fremu ina paneli 5 zilizopandana, kila paneli laini 100, jumla 500. Mbele kuna fito 30, nyuma 30, na mota isiyopumzika ndiyo inayozipandisha. Ukizungusha namba unaiona fito ikipanda, ikisita, kisha ikasimama penye laini uliyoitaka. Wateja 10,000 walihitaji makundi 20 ya laini 500 kwa hatua hiyo ya mwisho tu. Kabla yake zipo fremu za kumtafuta anayepiga, na nyingine za kumchagulia njia.

Gharama ya vyuma na waya ilimrudia mpigaji. Laini ya New York hadi San Francisco, iliyofunguliwa mwaka 1915, ilisimama juu ya nguzo zipatazo 130,000, na dakika 3 za kwanza zilitozwa dola 20.70. Wakati huo Ford ilikuwa ikisifika kwa kulipa dola 5 kwa siku. Hata mfanyakazi huyo mwenye bahati angemaliza ujira wa siku 4 na zaidi kwa maongezi mafupi.

Kuhifadhi simu kunataka kabati. Kuhifadhi Panel kunataka ukumbi, umeme wa volti 48, na vipuri ambavyo Western Electric iliyovitengeneza haipo tena kuvitoa. Kazi yote hiyo inabebwa na mafundi wa kujitolea. Fedha za makumbusho ya namna hii zingepita mikononi mwangu, ningewalipa kwanza vijana wajifunze kwa mafundi hao, kabla ya kununua simu nyingine ya kuweka kabatini.