Wanawake Wajenzi: Jinsi ya Kumwezekea Jirani Asiyejiweza

Katika skimu nyingi za makazi kuna nyumba moja au mbili ambazo kila mtu huzijua. Mvua ikinyesha usiku, mama mwenye nyumba huamka, huwasogeza watoto pembeni, na kuweka sufuria pale paa linapovuja. Pengine ni mjane, pengine mumewe ni mgonjwa. Shamba lake ni sawa na mashamba ya jirani zake, lakini mapato yote humalizwa na karo na dawa, asibaki na fedha ya kununua hata bati moja. Makala haya yaeleza jinsi wanawake wa skimu wanavyoweza kumjengea mtu kama huyo, na pia mambo yanayovunja kazi hiyo kabla haijafika mwisho.

Kazi yenyewe si ngeni. Kwa desturi ya Wakikuyu nyumba ilijengwa kwa siku moja, na moto ukawashwa ndani siku ile ile. Wanaume walikata miti na kusimamisha nguzo, wanawake walikata na kubeba nyasi za kuezekea. Kwa Wamaasai nyumba ni kazi ya mwanamke tangu kuchomeka fito mpaka kupaka mavi ya ng'ombe. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu wa Mkoa wa Kati kuhamia vijijini, wanaume wengi walikuwa kizuizini, na nyumba nyingi za vijiji hivyo zilijengwa kwa mikono ya wanawake. Kwa hiyo anayesema kwamba ujenzi si kazi ya akina mama ana haraka ya kusahau.

Mpango wa eka milioni moja ulianza mwaka 1962, ukakusudiwa familia zipatazo 35,000. Wengi wao walianza maisha katika vibanda vya nyasi. Katika miaka ile ile ya 1960 wanawake wa Mkoa wa Kati waliunda vikundi ambavyo watu waliviita vya mabati. Walilima kibarua pamoja katika mashamba ya wengine, wakaweka akiba, wakanunua mabati, wakaezekeana nyumba kwa zamu. Nyasi hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na nchi ikishalimwa yote nyasi ndefu hazipatikani tena.

Na tufanye hesabu. Nyumba ya mita 5 kwa 4, yenye ukingo wa nusu mita kila upande, huhitaji paa la urefu wa mita 6. Kama bati moja hufunika upana wa sentimita 76 baada ya kupandishana na jingine, upande mmoja wa paa hutaka mabati 8, na pande zote mbili 16, ya mita 3 kila moja. Basi kikundi cha wanawake 16 kikitoa bati moja kwa kila mtu, nyumba moja imeezekwa. Zamu zikiisha kila mwanamke ametoa mabati 16, na amepata 16.

Lakini hapa ndipo jirani yule asiyejiweza huachwa nje, kwa kuwa hana bati la kuleta. Dawa yake ni kuongeza zamu nne, ziwe 20 badala ya 16. Kila mwanachama atatoa mabati 20; yale manne ya zaidi ndiyo msaada wake kwa familia nne zenye shida. Vikundi vingine hupenda kuziweka zamu hizo nne mwisho. Mimi sikubali. Mtu aliyekwisha ezekewa hulegea, na ikifika zamu ya ishirini wanaotoa watakuwa wachache. Afadhali familia hizo zipewe zamu ya 1, ya 6, ya 11 na ya 16. Naye mama anayesaidiwa asikae bure kana kwamba ni mgeni: achote maji, akande udongo, na siku zake za kazi katika nyumba za wenzake ziandikwe kitabuni pamoja na mabati ya wengine. Watu hawamsengenyi mtu ambaye kazi yake imeandikwa.

Fedha zisikae mkononi mwa mtu. Zikitosha bati, linunuliwe bati, kwa maana bati haliwezi kuazimwa kwa siri. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza ulizeni pia ploti imeandikwa kwa jina la nani. Kama mume amekufa na urithi haujakamilishwa, mwandamaneni na mjane kwa chifu akaelekezwe, ili shemeji asije akadai nyumba baada ya ninyi kuondoka.

Wakati mzuri wa kujenga ni kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na upanzi ukiwa bado. Kikundi kinachokanda udongo mwezi wa upanzi hujenga nyumba moja na kuleta njaa katika nyumba 16. Nguzo za mtarakwa hushinda mchwa kuliko miti mingi. Udongo wa kwanza uacheni ukauke na kupasuka, ndipo mpake wa pili kuziba nyufa. Misumari ya mabati ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe isipigwe bondeni ambako maji hupita. Anzeni kuezeka upande ule upepo unakoelekea, mkirudi kule unakotoka, ili usipate mdomo wa kuingilia.

Msisahau mfereji wa bati chini ya ukingo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa tulilolihesabu hufunika mita 30 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 huleta lita 300. Hata mkiondoa sehemu ya tano inayopotea, zabaki debe 12 ambazo mama hatazibeba kutoka mtoni. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwageni, kwa kuwa yameosha vumbi na mavi ya ndege; yanayofuata yaingizwe katika pipa lenye kifuniko.