Dripu ya Haraka Iliyowaponza Watoto

Mtoto akilazwa, ndugu wanaopiga simu kutoka nyumbani huwa na swali moja: "Ametundikiwa maji?" Wakijibiwa ndiyo, wanashusha pumzi. Heshima hiyo dripu imeipata kwa haki, maana kipindupindu na kuhara vimeondoka na watoto wengi ambao maji yangewaokoa. Lakini ipo dripu ya aina moja, ile inayofunguliwa kwa kasi pale mtoto mwenye homa kali anapofikishwa hospitali akiwa hoi, ambayo hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania ziliamua kuipima. Majibu yake yaliwashtua hata wale walioipima.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto kutoka Uingereza na mhadhiri wa Imperial College London, ambaye kwa miaka mingi kituo chake cha kazi kimekuwa Kilifi, kwenye mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome ulioanzishwa mwaka 1989. Hakuwa peke yake. Profesa Sarah Kiguli wa Makerere, Dkt. Peter Olupot-Olupot wa Mbale, Dkt. Samuel Akech wa Kilifi na Dkt. George Mtove aliyekuwa Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, ni baadhi tu ya madaktari ambao majina yao yamo kwenye utafiti ule uliopewa jina la FEAST.

Tuanze pale mapokezi. Mtoto analetwa akiwa amelegea au anahema kwa shida. Mganga anamshika paji la uso, linawaka. Anamshika miguu, ya baridi. Anatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, anayakuta hafifu na yanakimbia. Kisha anabonyeza ukucha mpaka unakuwa mweupe, anauachia na kuhesabu sekunde hadi wekundu urudi. Ukichelewa, ni dalili kwamba damu haifiki vizuri pembezoni mwa mwili. Wahudumu wa afya huiita hali hiyo shoku.

Kanuni iliyofundishwa duniani ilikuwa rahisi: jaza mishipa maji. Mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, haraka, na zirudiwe ikibidi, hata zifike 60 ndani ya saa ya kwanza. Kwa mtoto wa kilo 10, kila awamu ni mililita 200, yaani theluthi mbili ya chupa ya soda. Hoja yake inaeleweka: maambukizi yakilegeza mishipa na kuifanya ivuje, moyo unakosa cha kusukuma. Ila ukitafuta ushahidi uliobeba kanuni hiyo, unakutana na vitu vyepesi kuliko unavyotegemea. Utafiti uliotajwa sana ni wa mwaka 1991, kutoka hospitali moja ya watoto mjini Washington, na uliangalia watoto 34. Thelathini na wanne, tena kwenye hospitali yenye mashine za kupumulia na muuguzi wa kusimama kando ya kitanda usiku kucha.

Maitland mwenyewe hakuingia akiwa mpinzani wa maji. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha utafiti mdogo wa Kilifi uliodokeza kwamba albumini, protini inayochujwa kutoka damu ya binadamu, huenda ikaokoa watoto wenye malaria kali kuliko maji ya chumvi. Swali lililoonekana kubaki lilikuwa kujua ni maji gani bora. Kwa bahati njema, katika FEAST waliongeza kundi la tatu, la watoto ambao hawangepewa dripu ya haraka kabisa.

Kazi ilianza Januari 2009 katika hospitali za Kilifi, Muheza, Mulago, Soroti, Mbale na Lacor. Wahudumu walifundishwa kwanza kutambua na kuhudumia wagonjwa mahututi. Watoto walioharisha, wenye utapiamlo mkali, walioungua au walioumia ajalini hawakuhusishwa, na wale ambao shinikizo la damu lilikuwa limeporomoka kabisa wote walipewa maji. Waliosalia waligawanywa kwa bahati nasibu: albumini ya haraka, maji ya chumvi ya haraka, au bila dripu ya haraka. Hakuna aliyeachwa bila tiba. Makundi yote yalipata dawa za malaria na za bakteria, oksijeni, sukari na damu pale zilipohitajika, pamoja na maji ya kawaida yanayotiririka polepole.

Hapo kuna jambo lisilopaswa kupitwa. Mama aliyebeba mtoto anayepigania pumzi hawezi kusomewa fomu ya kurasa kadhaa. Kamati za maadili ziliruhusu, pale muda ulipokuwa hautoshi, mzazi akubali kwa mdomo kwanza, kisha aelezwe kwa kina na kuombwa idhini ya maandishi mtoto akishatulia. Wapo wanaoona ugumu katika utaratibu huo, na si wa kubezwa. Lakini wodi nyingine zilikuwa zikiwapa watoto dripu ile ile kila siku bila idhini ya aina yoyote, kwa kuwa tu kitabu kilisema hivyo.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto ilishauri kazi isimamishwe, kabla lengo la watoto 3,600 halijafikiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo katika jarida la New England Journal of Medicine. Ndani ya saa 48, kati ya watoto 1,050 waliopewa albumini walifariki 111. Kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi walifariki 110. Kati ya 1,044 ambao hawakupewa dripu ya haraka, walifariki 76. Kwa maneno mengine, dripu ile iliongeza takriban vifo vitatu kwa kila watoto mia moja.

Kilichowachanganya wengi ni kwamba saa moja baada ya kufunguliwa, dripu ilionekana kufanya kazi. Dalili za shoku zilipungua zaidi kwa waliopewa maji kuliko kwa wenzao. Daktari aliyesimama kitandani angeapa kwamba amemsaidia mtoto, na asingekuwa anasema uongo. Kifo kilikuja baadaye, na kwa mtoto mmoja mmoja hapakuwa na namna ya kujua kama ni ugonjwa au ni tiba.

Wakosoaji hawakukawia. Wakasema ni malaria, ni upungufu wa damu, ni ukosefu wa vyumba vya wagonjwa mahututi. Takwimu zilichambuliwa kwa kila upande, na halikupatikana kundi lililofaidika na dripu ya haraka, wenye malaria wala wasio nayo. Wengi walidhani watoto walikufa kwa maji kujaa mapafuni. Uchambuzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mara nyingi ni mzunguko wa damu ulioanguka. Mwingine wa mwaka 2019 uliongeza kwamba maji yale yalizidisha tindikali mwilini na kuizimua damu ambayo tayari ilikuwa pungufu. Mwaka 2017, utafiti mwingine uliofanywa Lusaka kwa watu wazima ulikuta hali inayofanana: kundi lililopewa maji mengi mapema lilipoteza asilimia 48 ya wagonjwa, lile la huduma ya kawaida asilimia 33.

Ungedhani mwongozo wa dunia ungebadilika kesho yake. Haikuwa hivyo. Kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2013 kiliendelea na kanuni ya zamani, hadi Kiguli, Akech, Mtove na wenzao wakaandika katika jarida la BMJ kulalamika kwamba ushahidi wao umerukwa. Mwaka 2016 ndipo shirika hilo lilipotoa mwongozo mpya: dripu ya shoku ni ya mtoto mwenye dalili zote kwa pamoja, yaani miguu na mikono baridi, mapigo dhaifu yanayokimbia, na ukucha unaochukua zaidi ya sekunde tatu kurudi rangi, tena iende taratibu. Miaka mitano baada ya utafiti mkubwa kiasi kile ni mingi mno, na sioni udhuru wake. Ushahidi kama huo ungetoka Boston, sidhani ungesubiri hivyo.

Ndugu msomaji mwenye mtoto, usilitumie jambo hili kukataa maji. Mtoto anayeharisha na kutapika anahitaji maji, ya kunywa au ya dripu, na anayahitaji upesi. Mwenye homa kali aliyelegea apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Mkifika huko, daktari akisema mtoto hahitaji dripu kwa sasa, msimlazimishe.