Mbona ilimba haikubaliani na kinanda?

Chukua kinanda cha umeme, kile cha kwaya pale Mbulu au Katesh, ukipige pamoja na ilimba ya Wagogo, majirani zetu wa Dodoma. Kuna noti zitagombana tu. Usikimbilie kusema ilimba imepotea sauti.

Kinanda kimeigawa oktava hatua 12 zilizo sawa. Wagogo wao hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya sauti moja: mzizi ukitetema mara 100 kwa sekunde, zinafuata 200, 300, 400 na kuendelea. Penye 500 (ndiyo "mi" yako) kinanda kinatoa kama 504, na zikilia pamoja utasikia mtikisiko mara nne kwa sekunde. Penye 700 ndiyo balaa: kinanda kina 673 au 713, katikati hakuna kitu!

Na hiyo 700 ndiyo ladha yenyewe, msikilize marehemu Hukwe Zawose. Studio ikiwasha programu ya kunyoosha sauti bila kubadili mpangilio, itaisukuma hadi 713 kimyakimya.

Dawa ipo. Vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu hurekebishwa noti moja moja. Nusu toni ina senti 100. Shusha ile ya 713 kwa senti 31 na "mi" kwa senti 14, halafu mwache mpiga ilimba aanze yeye.