Si kila mzee anayehema amechoka na miaka

NI jambo la kawaida hapa Rumonge kumwona mzee akisimama mara mbili tatu anapopanda kutoka mwaloni. Ukimuuliza, hujibu: “Ni miaka tu, mwalimu.”

Ndugu msomaji, si kila pumzi fupi ni uzee. Waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 wakiwa vijana, wakatulea na kutusomesha katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, sasa wamepita miaka 70. Katika umri huo valvu inayopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini huweza kukakamaa na kuziba taratibu. Dalili kubwa ni kuishiwa pumzi, maumivu ya kifua na kuzirai.

Mjomba wangu alizirai mara mbili katika shamba la michikichi. Majirani walisema ni jua. Nesi wa kituo cha afya alipomsikiliza kifua, akasikia mvumo. Sasa ukoo unachanga nauli ya Bujumbura, akapimwe moyo kwa eko.

Dawa hupunguza dalili, lakini haziifungui valvu hiyo. Zamani njia ilikuwa kupasua kifua, jambo ambalo wazee wengi dhaifu hawalihimili. Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Dk. Alain Cribier alipitisha valvu mpya iliyokunjwa ndani ya mrija, kupitia mshipa wa paja hadi moyoni, akaifungulia ndani ya ile mbovu. Kifua hakikupasuliwa.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2010 uliwafuatilia wazee wasioweza kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 waliowekewa valvu hiyo walifariki 31. Waliopewa matibabu ya kawaida walifariki 51.

Valvu hiyo ni ghali, wala haimfai kila mgonjwa. Wengi katika nchi zetu valvu zao ziliharibiwa utotoni na homa itokanayo na maambukizi ya koo; hao huhitaji tiba nyingine. Kwa hiyo mtoto mwenye koo linalouma naye apelekwe kituoni mapema.

Wafanyabiashara mnaovuka kwenda Kigoma mnaijua njia ya Dar es Salaam. Huko ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Lakini safari isianzie huko. Ianzie kituo cha jirani, mzee asikilizwe kifua, kisha apimwe eko. Akizirai, msimlaumu jua.