Mchezo wa Gofu Kando ya Bahari

Wasomaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa, huenda wengi wenu mmelisikia jina la gofu tu, wala hamjauona mchezo wenyewe. Leo twapenda kuueleza, na mfano wetu ni kiwanja cha Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1911 juu ya majabali yaelekeayo mlango wa Likoni.

Kwanza tutazame kisiwa. Visiwa vya bahari yetu si vya namna moja. Ngazija na Morisi vilizaliwa kwa moto wa volkano. Lakini Mombasa ni jiwe la matumbawe, yaani mabaki ya viumbe vidogo vya baharini yaliyogandamana zamani sana. Jiwe hili lina vitundu vingi, kwa hiyo maji ya mvua huzama upesi. Kutunza majani mabichi mahali kama hapo ni kazi ya kila siku. Katika viwanja vingine vya bara, penye uhaba wa maji, watu hawakupanda majani kuzunguka shimo, bali walitandaza mchanga uliochanganywa na mafuta.

Mchezaji hupiga kipira kigumu kwa fimbo, akakifuata na kukipiga tena, mpaka kiingie katika shimo lenye upana wa inchi 4 na robo. Mzunguko kamili ni mashimo 18. Mombasa yapo 9, basi huzungukwa mara mbili. Ashindaye ni yule mwenye mapigo machache. Mtu aruhusiwa kuchukua fimbo 14: yenye uso uliolala sana hurusha kipira juu, na yenye uso uliosimama hukipeleka mbali.

Adui mkubwa wa mchezaji hapo ni upepo. Kusi, tunayoijua sisi wakati mikorosho inapotoa maua, huvuma kutoka baharini kwa nguvu. Kipira kilichorushwa juu huzuiwa nayo, kikaanguka karibu au kikapotea majabalini. Mwenye akili hukipiga chini chini.

Zamani za ukoloni viwanja hivi vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa kuwachukulia mifuko ya fimbo. Wachukuzi wengi waliutazama mchezo wakaujifunza, na baadhi yao wakawa wachezaji hodari.

Lakini jambo kuu la gofu ni hili: mara nyingi hapana mwamuzi wa kumfuata mchezaji. Naye akitia sahihi hesabu iliyo pungufu kuliko mapigo yake ya kweli, hutolewa katika mashindano. Mwaka 1925, katika mashindano makubwa ya Marekani, Bobby Jones alisema kwamba kipira chake kilitikisika alipokuwa tayari kukipiga. Waamuzi hawakuwa wameona, lakini yeye alijiongezea pigo moja. Mwisho alilingana na Willie Macfarlane. Wakarudia kucheza, na Jones akashindwa kwa pigo moja.

Je, alipata hasara? Kikombe alikikosa, lakini tangu siku ile hesabu yake haikutiliwa shaka. Basi na kwetu, apimaye korosho za wenziwe ghalani, na mwanafunzi asahihishaye kazi yake mwenyewe, wote wamo katika mchezo huo huo. Fimbo na kiwanja twaweza kuvikosa. Hesabu ya kweli haihitaji fedha.